Kioo cha Sanaa Kikivunjika, Usikimbilie Supa Gluu

Dirisha la vioo vya rangi kanisani au chombo cha kioo kilichorithiwa kutoka kwa nyanya kinapovunjika, wengi hutuma mtoto dukani kununua supa gluu. Mara nyingi hapo ndipo uharibifu wa pili huanza. Kioo kilichovunjika bado kinaweza kuokolewa, lakini kilichobandikwa vibaya ni kazi ngumu zaidi kwa fundi.

Kwa nini gundi ni muhimu?

Kioo ni laini na hakifyonzi gundi kama mbao. Tena kinapitisha mwanga, hivyo kila kosa huonekana. Isitoshe, hakuna gundi inayodumu milele. Chombo cha kale cha Kirumi kiitwacho Portland Vase, kilichoko British Museum, London, kilivunjwa na mgeni mwaka wa 1845. Kiliunganishwa mwaka huo huo, kikarekebishwa tena mwishoni mwa miaka ya 1940, na mara ya tatu mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu gundi ya awali ilikuwa imedhoofika. Ndiyo maana wahifadhi huuliza kwanza: je, gundi hii itaweza kuondolewa siku za usoni bila kuumiza kioo?

Gundi zinavyotofautiana

• Supa gluu: Hushika kwa sekunde chache, hivyo vipande vikikaa upande hakuna nafasi ya kuvisahihisha. Ikikauka huwa ngumu na hukatika kwa urahisi, na juu ya kioo haidumu.

• Akriliki aina ya Paraloid B-72: Haigeuki manjano kwa urahisi, na huyeyushwa kwa asetoni. Hata hivyo, huanza kulainika joto likifika takriban nyuzi 40. Haifai kwa dirisha linalopigwa na jua kali.

• Epoksi: Zile zilizotengenezwa kwa kazi ya uhifadhi, kama Hxtal NYL-1, hupitisha mwanga karibu sawa na kioo, hivyo ufa hufichika. Huchukua takriban wiki moja kukauka, na kuiondoa ni vigumu. Epoksi za kawaida za dukani hugeuka manjano.

• Silikoni yenye harufu ya siki: Asidi yake hula risasi inayoshikilia vioo vya madirisha ya kale.

La kufanya

1. Vaa glavu, kusanya vipande vyote, hata vile vidogo kabisa.
2. Piga picha vikiwa vilivyo, kisha funga kila kipande peke yake kwa karatasi laini.
3. Usibandike seloteipu juu ya rangi au nakshi. Ikitolewa huondoka nazo.
4. Usijaribu kuunganisha vipande mara kwa mara ili kuona kama vinaingiana. Kingo zinazosagana hazitashikana tena vizuri.
5. Tafuta ushauri wa ofisi ya utamaduni ya kaunti au Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Ikiwa jengo limetangazwa rasmi kuwa turathi, pata kibali kabla ya ukarabati wowote.

Vipande vilivyofungwa vizuri vinaweza kusubiri fundi kwa miaka bila kuharibika. Hakuna haja ya haraka.