Namna ya kuzuia mashine ya kung'arisha magari isichakae mapema

Na MWANDISHI WETU

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Donholm hadi Umoja, Kayole na Komarock, kazi ya kuosha magari imewapa vijana wengi riziki. Hata hivyo, maji, sabuni na kitambaa havitoshi tena. Magari mengi nchini huagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika kwa miaka kadhaa. Rangi huwa imefifia, na wenyewe huwa tayari kulipa zaidi ili ing'ae upya. Hapo ndipo mashine ya kung'arisha inapohitajika.

Mashine hiyo ni mtaji. Ikikwama Jumamosi, siku ya wateja wengi, hasara si ya vipuri pekee bali ni ya kutwa nzima. Isitoshe, mashine iliyochakaa yaweza kuharibu mali ya mteja. Tabaka la juu kabisa la rangi ya gari, lile linalopitisha mwanga kama kioo, kwa kawaida lina unene wa mikroni 50 hivi, usiozidi ule wa unywele wa binadamu. Shafti inayoyumba kwa sababu ya beringi iliyolegea huacha mikwaruzo ya mviringo ambayo mteja ataiona punde tu gari litakapotoka juani.

Inavyofanya kazi

Mashine ya kawaida ya kuzunguka ina mota ya umeme ya aina ileile iliyomo katika drili na blenda. Umeme huifikia sehemu ya ndani inayozunguka kupitia vipande viwili vya makaa ambavyo mafundi huviita kaboni. Vipande hivyo husuguana na pete ya shaba wakati wote mota inapozunguka. Katika kichwa cha mashine mna gia mbili zinazopunguza kasi ya mota hadi kati ya mizunguko 600 na 3,000 hivi kwa dakika, na kuuelekeza mzunguko huo kwenye pedi. Shafti zote hushikiliwa na beringi.

Kwa hivyo, sehemu zinazochakaa zaidi ni tatu: kaboni, gia na beringi. Kila moja ina dawa yake. Kosa la wengi ni kudhani kwamba grisi ni dawa ya zote.

Kabla ya kufungua chochote, plagi iondolewe kwenye soketi. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Vumbi na kaboni

Adui wa kwanza ni vumbi. Feni iliyo ndani huvuta hewa ili kuipoza mota, na pamoja na hewa huingia unga wa polishi, nyuzi za pedi na vumbi la barabara. Kila jioni mashine ifutwe kwa kitambaa kikavu, kisha matundu yake yapulizwe kwa hewa ya kompresa isiyo na nguvu nyingi, huku fundi akiyakinga macho yake. Mashine isioshwe kwa maji kamwe.

Kaboni nazo hupungua kidogo kidogo kama chaki. Watengenezaji wengi huweka alama ya kikomo, na pasipokuwa na alama, ni busara kuzibadilisha zinapobakia na urefu wa milimita 5 au 6. Mashine inayotoa cheche nyingi, inayozimika na kuwaka yenyewe au inayonuka kama kitu kinachoungua, mara nyingi imemaliza kaboni. Zote mbili hubadilishwa kwa pamoja, kisha mashine huachwa izunguke bila mzigo kwa dakika chache ili zikae sawa. Pete ya shaba isipakwe grisi wala mafuta, kwa kuwa mafuta yakichanganyika na unga wa makaa hufanya tope linalozidisha cheche.

Grisi ya gia

Grisi ni ya gia. Wakati wa kubadilisha kaboni ni wakati mwafaka wa kukikagua kichwa cha mashine. Skrubu zikishafunguliwa, mpangilio wa washa na mipira ya kuzuia mafuta ukumbukwe, kwani kipande kimoja kikirudishwa vibaya, gia hazitakutana sawasawa. Grisi kuukuu iondolewe kwa kitambaa kilichotiwa mafuta ya taa kidogo, mbali na moto, petroli isitumiwe. Ikiwa grisi hiyo inametameta kwa chembe za chuma, meno ya gia yameanza kulika.

Grisi mpya ipakwe kwenye meno yote, kisha ijazwe thuluthi moja hivi ya nafasi iliyopo. Ikizidi huvurugwa, hupata joto na kupenya hadi kwenye mota. Iliyo bora ni ile iliyopendekezwa na mtengenezaji, na aina mbili zisichanganywe. Oili ya injini haifai kwa sababu huchuruzika, na ile iliyokwisha kutumika ni mbaya zaidi kwa kuwa imebeba chembe za chuma.

Beringi nyingi za mashine hizi zimefunikwa pande zote zikiwa na grisi yake ndani. Hazipakwi, hubadilishwa. Fundi aizungushe shafti kwa mkono: ikikwaruza, ikivuma au ikicheza, beringi imekwisha. Namba iliyochorwa ubavuni ndiyo ya kwenda nayo dukani. Mathalan, 608 ni beringi yenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha milimita 22.

Zipo pia mashine ambazo pedi yake huzunguka huku ikitikisika. Baadhi ya hizo hazina gia za aina hii, hivyo maelezo ya mtengenezaji yasomwe kabla ya kuzifungua.

Matumizi

Utunzaji huanza mkononi. Mashine ikandamizwayo sana kwa kasi ndogo hupata joto, kwa kuwa feni nayo huzunguka polepole. Baada ya kazi nzito, iachwe izunguke bila mzigo kwa dakika moja ndipo izimwe. Waya wa ekstensheni ulio mrefu na mwembamba hupunguza nguvu za umeme, basi utumike mfupi na mnene.

La mwisho ni uhai wa mfanyakazi. Umeme wa nyumbani nchini ni volti 240, na sakafu ya kuoshea magari haikauki. Waya uliochubuka usifungwe kwa karatasi ya nailoni bali ubadilishwe, na soketi iwe na swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja kwa miliampia 30. Kazi ya kung'arisha ifanyiwe mahali pakavu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kijana anayeitegemea mashine moja, ufa huo ni kaboni mbili na grisi kidogo. Ukuta ni mota mpya.