Kupima Ozoni ya Angani: Mizani ya Miaka Mingi (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulibainisha kwamba ozoni ni hewa yenye atomi tatu za oksijeni, nayo, ingawa ni haba mno, huizuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno ya jua isitufikie. Msomaji makini hana budi kuuliza: kitu kisichoonekana, kilichotandaa juu sana ya vichwa vyetu, na ambacho kwa tabia yake huzidi na kupungua kila siku, mtu atapata wapi yakini ya kusema kwamba kimepungua?

Jawabu tunalipata kwa Gordon Dobson wa Oxford, ambaye katika miaka ya 1920 aliunda chombo kiitwacho spektrofotomita. Chombo hicho huupokea mwanga wa jua, huuchambua kwa miche ya kwatzi, kisha hulinganisha miale miwili iliyo jirani, mmoja ambao ozoni huufyonza sana na mwingine ambao huufyonza kidogo. Mpimaji huzungusha kisahani chenye alama mpaka sindano itulie kwenye sufuri, akaisoma alama na kuiandika pamoja na saa. Na kwa kadiri mwali wa kwanza ulivyodhoofika kuliko wa pili, ndivyo hesabu inavyomdhihirishia wingi wa ozoni iliyo juu yake. Wingi huo hutajwa kwa vipimo vya Dobson: lau ozoni yote ya juu yetu ingeteremshwa hadi usawa wa bahari, penye joto la digrii sufuri, aghalabu ingekuwa tabaka la unene wa milimita tatu hivi, na hivyo ndivyo vipimo 300.

Kupima mara moja, basi, si kazi kubwa. Taabu iko katika kupima miaka hamsini. Ozoni hufuata majira. Huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa jua wa miaka takriban 11. Hufuata pepo za juu za ikweta zinazogeuka kila baada ya miezi 28 hivi. Tena huathiriwa na vumbi la volkano, kama ile ya Pinatubo ya mwaka 1991. Hayo yote sharti yaondolewe katika hesabu kabla ya kudai kwamba pana upungufu wa kudumu. Na chombo chenyewe huchakaa: mwenye duka ambaye mizani yake imelegea ataapa kwamba mchele unapungua ghalani, kumbe kilichopungua ni uaminifu wa mizani. Ndiyo maana vyombo vya Dobson hukusanywa mara kwa mara, vikapima jua lile lile kando ya kimoja kilichokubaliwa kuwa kigezo cha dunia, yaani nambari 83, ambacho nacho huhakikishwa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii.

Kwa subira ya namna hiyo, Arosa, katika milima ya Uswisi, ilianza kupima mwaka 1926, na mfululizo wake ndio mrefu kuliko wote. Kwa subira iyo hiyo, Joe Farman na wenzake wawili walitangaza mwaka 1985 kwamba katika kituo cha Halley, Antaktika, wastani wa Oktoba, uliokuwa kama vipimo 300 mwishoni mwa miaka ya 1950, ulikuwa umeshuka chini ya 200. Setilaiti ya Marekani ilikuwa imeyaona hayo hayo, ila tarakimu za chini mno zilikuwa zikitiwa alama ya shaka. Wale wa Halley waliweza kusadiki kwa kuwa walikuwa na daftari la miaka iliyopita na chombo cha pili kilichothibitisha cha kwanza.

Kwetu Afrika ya Mashariki, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ikishirikiana na ya Uswisi, imekuwa tangu miaka ya 1990 ikirusha kutoka Nairobi maputo yanayopima ozoni tabaka kwa tabaka.

Taarifa ya kimataifa ya mwaka 2022 yakadiria kwamba ozoni ya Antaktika itarejea hali ya mwaka 1980 kiasi cha mwaka 2066, maadam mataifa yatashika ahadi zao za kuilinda ozoni. Hakuna atakayejua kama zimeshikwa iwapo vituo vitafungwa kabla ya wakati huo. Kwa hiyo serikali zenye vituo na zivitunze. Ahadi zenyewe, zilizoandikwa Montreal mwaka 1987, tutazieleza katika sehemu ya tatu.