Projekta ya mpira: Usipigwe chenga dukani

KROSI inapigwa, beki anaruka, straika naye anaruka, nyavu zinatikisika. Sebule nzima inaulizana: "Nani kafunga?" Hakuna anayejua. Ukutani wachezaji wote wamekuwa vivuli, na mpira wenyewe ulipotea tangu ulipotoka mguuni kwa winga.

Hayo ndiyo yanayowakuta mashabiki wengi waliochangishana, wakaingia dukani na kubeba projekta kwa kuangalia namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Picha ya inchi 100 nyumbani ni raha, tena unaachana na kubanana kwenye kibanda umiza. Lakini ukikosea kununua, utarudi kibandani na fedha imekwenda.

HD ya kweli na HD ya boksi

Mtego wa kwanza upo hapa. Boksi linaandikwa "1080p", kumbe maana yake mashine inapokea tu picha ya kiwango hicho, kisha inaipunguza kabla ya kuirusha ukutani. Kinachotakiwa kuulizwa ni kiwango chake halisi. Kwenye karatasi ya vipimo tafuta neno "native".

Ukikuta 1920 kwa 1080, hiyo ni Full HD ya kweli, yenye nukta zaidi ya milioni mbili. Ukikuta 1280 kwa 720, nukta hazifiki milioni moja. Kwa picha ndogo bado inaangalika. Ukikuta 800 kwa 480, achana nayo. Hiyo ni ya katuni za watoto. Kamera ya mpira inapiga kwa mbali, na namba ya jezi ikikosa nukta za kutosha haisomeki.

Mwanga: Angalia saa ya mechi

Kabla ya kuuliza bei, jiulize unaangalia mechi za saa ngapi. Ligi ya Mabingwa Ulaya haina shida, kwani mechi zake nyingi huku kwetu zinapigwa saa 4 au saa 5 usiku kutegemea majira ya Ulaya. Giza lipo la kutosha.

Kazi ipo Jumamosi ya Ligi Kuu England. Mechi ya mapema inaanza saa 8:30 mchana kwa huku au saa 9:30, na zile za katikati saa 11 au saa 12 jioni. Dabi ya Kariakoo nayo mara nyingi imepigwa saa 11 jioni. Jua bado lipo, na dirisha lisilo na pazia zito linaua picha.

Sababu ni nyepesi. Projekta haina uwezo wa kurusha rangi nyeusi. Weusi unaouona ni ukuta usiopigwa mwanga. Chumba kikiwa na mwanga, jezi nyeusi inageuka kijivu na kivuli cha uwanja kinameza mpira.

Mwanga hupimwa kwa lumeni, na hapa ndipo watu wanapopigwa sana. Boksi linaweza kuandikwa 9,000 wakati kipimo cha kweli hakifiki hata 500. Uliza lumeni za ANSI au za ISO, hizo ndizo zinazopimwa kwa utaratibu unaojulikana. Kwa chumba cha giza, 1,000 za kweli zinatosha picha ya inchi 100. Kwa mechi za mchana, anza kufikiria 3,000 na pazia zito juu yake.

Pima chumba kwanza

Picha ya inchi 100 ina upana wa kama mita 2.2 na kimo cha mita 1.25. Kila projekta ina uwiano wake wa umbali. Ikiwa ni 1.2, zidisha kwa upana: unahitaji mita 2.6 hivi kutoka ukutani. Ikiwa ni 1.5, unahitaji mita 3.3. Sasa kama chumba chako kina mita tatu, hiyo ya pili utaifungia wapi? Nunua futi kamba kabla ya projekta.

Pia ifunge ikitazama ukuta moja kwa moja. Ukiiweka upande kisha ukanyoosha picha kwa rimoti, unapoteza nukta ulizozilipia. Ukuta nao uwe laini na upakwe rangi nyeupe isiyong'aa.

Taa na umeme

Projekta za balbu huwa na maisha ya saa 3,000 hadi 5,000 hivi. Za LED na leza huandikiwa 20,000 au zaidi. Shabiki wa saa 10 kwa wiki anatumia saa 520 kwa mwaka, hivyo balbu inamtosha miaka mingi. Mwenye kibanda anayewasha saa 8 kila siku anafikisha saa 2,920 kwa mwaka. Huyo aende kwenye leza, au apige hesabu ya balbu mpya mapema.

Umeme ukikatika ghafla, feni inazima balbu ikiwa bado ya moto, na hapo balbu inaumia. UPS ndogo inaokoa. Vumbi nalo lisafishwe kwenye kichujio, maana likiziba mashine inachemka.

King'amuzi na sauti

Nenda dukani na king'amuzi chako. Baadhi ya projekta za bei ya chini hazikubali picha yenye ulinzi inayopita kwenye waya wa HDMI, zinakuletea kioo cheusi. Spika ya ndani ni ndogo, hivyo unganisha sabufa, tena kwa waya. Bluetooth inaweza kuchelewesha sauti, ukaona goli kabla mtangazaji hajashangilia.

Mwisho, usikubali kuonyeshwa filamu ya maua na samaki. Mwambie muuzaji aweke mpira, taa za duka zikiwa zimewashwa, picha ivutwe hadi inchi 100. Fuata mpira kwa macho kuanzia kwa kipa hadi kwa straika. Ukikupotea njiani, rudisha fedha mfukoni, nenda duka la pili.