Mfumo endeshi kwa mtoa huduma mdogo wa intaneti Bukavu

Kampuni ndogo inayouza intaneti Bukavu, yenye antena zinazotazama vilima vya Ibanda, Kadutu na Bagira, huhitaji mifumo endeshi miwili. Mmoja hukaa kwenye ruta inayowagawia wateja mtandao, mwingine kwenye seva inayotunza hesabu na manenosiri yao. Kinachofaa kwenye ruta si lazima kifae kwenye seva.

Kwa ruta, chaguo la kawaida la kampuni za kiasi hiki ni RouterOS ya MikroTik, kampuni ya Latvia iliyoanzishwa mwaka 1996. Msingi wake ni Linux, na leseni huja pamoja na kifaa. Leseni hiyo isomwe kabla ya kulipa: daraja la 4 hupokea wateja 200 kwa pamoja kwa njia ya PPPoE (mteja huingia kwa jina na nenosiri), la 5 hupokea 500, la 6 halina kikomo. RouterOS pia yataka kusasishwa. Mwaka 2018 lilipatikana tundu la usalama, na marekebisho yakatolewa mwezi Aprili. Hata hivyo, miezi kadhaa baadaye maelfu ya ruta zilizoachwa bila kusasishwa, nyingi zikiwa Brazil, zilitekwa na wahalifu.

Kwenye seva, Windows Server hulipiwa leseni, na fedha hiyo ingenunua betri za kutumia umeme unapokatika. Zinabaki Debian na FreeBSD, zote za bure, zote za tangu 1993. CentOS nayo ilipendwa sana, hadi Desemba 2020 ilipotangazwa kwamba toleo la 8, lililoahidiwa kuhudumiwa hadi 2029, lingekoma mwisho wa 2021. Waliokuwa wamelisimika walilazimika kuhama.

Umeme wa Bukavu hukatika bila taarifa, ijapokuwa mabwawa ya Ruzizi yako jirani. Hapo FreeBSD ina sifa: ZFS, mfumo wake wa kuhifadhi mafaili, haiandiki juu ya data ya zamani kabla mpya haijakamilika, hivyo seva ikizimika ghafla mafaili hayavurugiki kirahisi. Lakini mafundi wa Linux, ambayo ndiyo msingi wa Debian, ni rahisi zaidi kuwapata, na seva ikigoma usiku, fundi ana thamani kuliko ZFS.

Kwa kampuni ya wateja mia chache, RouterOS kwenye ruta na Debian kwenye seva zinatosha. FreeBSD ichaguliwe pale tu wafanyakazi wasiopungua wawili wanapoimudu.