MGONJWA WA FIGO NA WENZAKE

Figo zinaposhindwa kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, saa 4 hivi kila mara. Kutoka Endamarariek hadi Hospitali ya KCMC, Moshi, ni zaidi ya kilomita 200. Aendaye huko hulazimika kupanga chumba, mbali na jamaa zake.

Hapo ndipo kikundi cha wagonjwa wenyewe kinapofaa. Daktari atakuambia upunguze chumvi. Mwenzako atakukumbusha kwamba magadi ya kulainishia makande nayo uyaache. Atakufundisha kutuliza kiu kwa kipande cha barafu badala ya bilauri nzima ya maji. Atakukataza kubebea ndoo mkono wenye mshipa wa mashine. (Kumweleza mama mkwe hilo ni kazi nyingine!)

Kikundi hakihitaji ofisi. Watu 4 wenye zamu moja wanatosha, pamoja na wanaowauguza, ambao nao huchoka kimya kimya. Mmoja asipofika, atafutwe siku hiyo hiyo, kwani kukosa mashine kwa siku chache kunaweza kuua. Huenda amekwama kwa nauli tu, na jumuiya yake nyumbani haijaambiwa.