Kubadili jina la jarida: Soko hupima mzigo kabla ya nembo

Na Mwandishi Wetu, Iyula

MKULIMA wa kahawa wa Iyula hahitaji kufundishwa maana ya daraja. Gunia likiandikwa AA huku ndani mna punje ndogo, chekeche litasema ukweli na mwonjaji atamalizia. Bei itafuata kilichomo ndani ya gunia.

Kanuni hiyo hiyo inatawala soko la magazeti na majarida, ingawa wengi wanaoanzisha vijarida vya sanaa huisahau. Kijarida huanza na mashairi, hadithi fupi na vibonzo. Baada ya mwaka mmoja au miwili wasomaji huanza kuuliza mengine: bei ya mbolea, masharti ya mikopo, afya, ada za shule. Wahariri nao wanaona kazi yao imepanuka na jina la zamani linawabana. Kikao kinaitwa, na ajenda ni moja: tubadili jina.

Uamuzi huo ni wa kibiashara kama ulivyo uamuzi wa kubadili mbegu shambani. Wiki hii ukurasa huu unaeleza unagharimu nini, na ni wakati gani unalipa.

Jina ni mali

Kwa hesabu za biashara, jina linalojulikana ni mali, ingawa halishikiki kwa mkono. Mwenye duka wa Mlowo anapochukua nakala 20 bila kufungua hata ukurasa mmoja, anaamini jina. Msomaji anayelipia miezi sita kabla ya kuona toleo lijalo naye anaamini jina. Siku jina linapofutwa, imani hiyo yote huwekwa rehani.

Hata hivyo, ziko sababu za haki za kubadili. Ya kwanza ni mipaka. Wilaya ya Momba ilimegwa kutoka Mbozi mwaka 2012, na mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ukazaliwa kutoka Mbeya. Chapisho lililojiita kwa jina la mkoa mwaka 2010 lilijikuta miaka sita baadaye linataja mkoa ambao wasomaji wake hawaishi tena.

Sababu ya pili ni lugha. Jina la Kinyiha litapendwa Iyula na Vwawa. Likifika Tunduma, mnunuzi anaweza kuwa Mnyamwanga, Mkinga, Mnyakyusa au mgeni aliyevuka kutoka Nakonde, na halitamwambia kitu.

Sababu ya tatu, na ndiyo kubwa, ni dhamira kupanuka. Lakini hapa ndipo makosa mengi hutendeka, na historia ya machapisho ya Afrika Mashariki ina mifano ya kutosha.

Walioita umma kwa Kiingereza

Mwaka 1958 Idara ya Kiingereza ya Makerere ilianzisha jarida la ubunifu la wanafunzi, Penpoint. Katika miaka ya 1960 chuo cha Dar es Salaam kikawa na Darlite, na Nairobi ikawa na Nexus. Yote yalibeba mashairi, hadithi na tamthilia za vijana wa vyuoni.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 majina hayo ya Kiingereza yalikuwa yameachwa. Penpoint ilifuatiwa na Dhana, Nexus ikawa Busara, na Darlite ikapisha Umma. Dhamira ilionekana wazi: kutoka nje ya uzio wa chuo na kusema na jamii iliyokuwa imejitawala.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya kurasa za ndani iliendelea kuwa ya Kiingereza. Jina liliwaita wananchi wote, lakini mzigo uliendelea kumhudumia msomi. Majarida hayo yalilea waandishi na heshima yao ipo katika fasihi. Katika soko, hata hivyo, hakuna lililopata kuwa gazeti la mkulima au la mwenye duka.

Mfano wa pili unatoka Kampala. Mwaka 1961 Rajat Neogy alianzisha Transition, jarida lililochanganya fasihi na siasa. Mwaka 1968 alikamatwa chini ya serikali ya Milton Obote, na mwaka 1971 jarida lilianza upya Accra, Ghana. Wole Soyinka alipokuwa mhariri wake katikati ya miaka ya 1970, lilipewa jina jipya, Ch'Indaba. Mwaka 1976 likasimama. Itakuwa uonevu kusema jina ndilo lililoliua. Lakini lilipofufuliwa Marekani mwaka 1991, waliolifufua waliliita tena Transition. Waliona kwamba thamani ilikuwa bado imekaa katika jina la zamani.

Waliobadili wakafika

Mfano wa tatu ni wa nyumbani, na ndio unaofaa kuigwa. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, ilianza kutoa taarifa yake. Kazi ya kamati ilikuwa kusanifisha Kiswahili kwa ajili ya shule na vitabu, na taarifa hiyo ilikuwa ya watu wachache wa kazi hiyo.

Kazi ilipanuka hadi utafiti wa lugha na fasihi, zikiwamo tenzi za kale. Taarifa ikageuka kuwa jarida la kamati. Baadaye likaitwa Swahili, na mwaka 1970 likawa Kiswahili, likiwa chini ya taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyokuja kujulikana kama TUKI na sasa ni TATAKI.

Jambo la kuangalia ni hili: lilipoitwa Kiswahili mwaka 1970 halikurudi kwenye namba moja. Lilianza na juzuu ya 40, likiendeleza hesabu ya lile lililotangulia. Msomaji na mwenye maktaba walijua kwamba bidhaa ni ile ile, imekua. Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936, lilifanya vivyo hivyo. Baada ya Muungano wa 1964 likawa Tanzania Notes and Records, na namba zikaendelea.

Katika mifano hii miwili mabadiliko yalitokea kwanza katika kazi au katika nchi yenyewe, kisha jina likafuata. Ni kama kahawa: huchambuliwa kwanza, ndipo gunia huandikwa.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mfano wa kikundi cha vijana wa Iyula chenye kijarida cha kila mwezi. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu. Kila kikundi kiweke zake. Wanachapa nakala 300, gharama ni Sh 700 kwa nakala, na wanauza Sh 1,000. Zikiisha zote, faida ni Sh 90,000 kwa toleo.

Sasa wanabadili jina. Majalada 600 ya zamani yaliyobaki, ya Sh 150 kila moja, yanakuwa karatasi ya kufungia maandazi: Sh 90,000 zimekwenda. Muhuri na vitabu vipya vya stakabadhi, Sh 50,000. Bango, Sh 60,000. Nakala 100 za kugawa bure ili jina lijulikane, Sh 70,000. Jumla ni Sh 270,000, yaani faida yote ya matoleo matatu.

Hiyo ni kama hakuna mteja aliyepotea. Wanunuzi 60 wakipita mbele ya meza bila kulitambua jarida lao, na nakala zimekwisha kuchapwa, mapato yanashuka hadi Sh 240,000 wakati gharama ni ile ile ya Sh 210,000. Faida inabaki Sh 30,000. Kwa mwendo huo, gharama ya kubadili jina itarudi baada ya matoleo tisa badala ya matatu. Vikundi vingi havina pumzi ya miezi tisa.

Kwa hiyo swali la kwanza katika kikao lisiwe "jina gani zuri?" Waulizane: "mtaji wetu unahimili miezi mingapi?"

Sheria na makaratasi

Usajili wa jina la biashara hufanywa BRELA, kwa njia ya intaneti, na mabadiliko yake hupelekwa huko huko. Afisa Biashara wa Halmashauri ya Wilaya anaweza kumwelekeza asiyezoea mfumo huo.

Msomaji asichanganye jina la biashara na alama ya biashara. Kusajili jina la biashara hakumpi mtu haki ya alama. Chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, alama iliyosajiliwa hulindwa kwa miaka saba, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka kumi. Ulinzi huo ni wa Tanzania Bara. Zanzibar ina usajili wake. Ni busara kutafuta kwanza kama jina linalopendwa halina mwenyewe, kabla ya kulipa mchapaji.

Gazeti linalouzwa kwa umma linahitaji pia leseni chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Jina jipya lifikishwe Idara ya Habari (MAELEZO) kabla ya kuchapishwa. Na kama jarida lina ile namba ya kimataifa ya tarakimu nane, ISSN, badiliko kubwa la jina hudai namba mpya.

Benki nayo isisahauliwe. Mteja akilipa kwa jina jipya wakati akaunti ina jina la zamani, fedha zinaweza kukwama.

Utaratibu unaopunguza hasara

Kwanza, panua yaliyomo bila kugusa jina, kwa matoleo matatu au manne. Weka kurasa mbili za bei na kilimo ndani ya jarida lile lile la mashairi. Kama mauzo hayapandi, tatizo halikuwa jina, na umejiokoa na gharama.

Pili, kama yanapanda, weka jina jipya kwa herufi kubwa na la zamani chini yake kwa herufi ndogo, angalau kwa mwaka mmoja. Namba za matoleo ziendelee. Tumia majalada ya zamani hadi yaishe, ukiyapiga muhuri wa jina jipya.

Tatu, chagua msimu. Fedha za Mbozi hutembea kahawa inapovunwa na kuuzwa, kuanzia katikati ya mwaka. Januari mzazi anatafuta sare na madaftari; hana nafasi ya kujifunza jina jipya.

Nne, waambie mawakala kabla ya wasomaji. Mwenye duka akiulizwa "lile jarida la zamani liko wapi?" naye hajui la kujibu, mteja amekwenda.

Mwisho, usiwatupe waliokuja kwa ajili ya mashairi. Wao ndio walionunua toleo la kwanza, wakati hakuna aliyejua kama litatoka la pili. Dhamira iliyopanuka ina nafasi ya bei ya mahindi na ya utenzi pia. Shamba likiongezwa, mibuni ya zamani inayozaa haing'olewi.