Haba na Haba: Mlo wa Mgonjwa Baada ya Upasuaji wa Umio katika Nchi ya Chai

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hii aghalabu hutumiwa kuhimiza watu waweke akiba. Hata hivyo, kwa mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa umio, maneno haya ndiyo kanuni ya uhai wake. Makala haya yananuia kueleza jinsi mgonjwa wa aina hii anavyopaswa kula, na zaidi ya hayo, kwa nini anapaswa kula hivyo. Msimamo wetu ni kwamba sharti la chakula hufuatwa nyumbani pale tu sababu yake inapoeleweka. Kueleweka huko ni kazi ya lugha sawa na ilivyo kazi ya tiba.

Maradhi yenyewe na mahali pake

Umio ni njia ya chakula itokayo kooni, ikapita kifuani nyuma ya moyo, hadi tumboni. Kwa mtu mzima, urefu wake ni kama sentimita 25. Saratani ya umio huonekana kwa wingi katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, na eneo la Bomet na Kericho linajulikana miongoni mwa watafiti kwa sababu hiyo. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari karibu na mji wa Bomet mwaka 1937, imewatibu wagonjwa hawa kwa miongo mingi. Mwaka 2010 madaktari wake walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa hawajafikisha hata miaka 30, ilhali kwingi duniani haya ni maradhi ya wazee.

Chanzo chake hakijabainika kikamilifu. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi yamkini husababisha saratani ya umio. Utafiti mwingine, wa mwaka 2013, ulipata kileo na kemikali ya asetaldehaidi ndani ya mursik, maziwa ya kugandisha yanayotunzwa katika kibuyu kilichopakwa masizi ya mkaa. Hilo halijathibitisha kwamba mursik ndiyo chanzo. Linaonyesha tu njia ambayo watafiti wanaifuata.

Wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, wakati hata uji unapita kwa shida. Kutokana na hali hiyo, tiba hugawanyika mara mbili. Yule ambaye uvimbe wake haujaenea anaweza kukatwa umio. Yule ambaye hawezi kupasuliwa huwekewa mrija wa waya unaojipanua wenyewe ndani ya umio ili chakula kipite tena. Masharti ya mlo ya wagonjwa hawa wawili hayafanani, na kuyachanganya ni hatari.

Kinachobadilika mwilini

Katika upasuaji wa umio, daktari huondoa sehemu yenye maradhi, kisha hulitengeneza tumbo liwe mfano wa bomba jembamba, akalivuta juu hadi kifuani au shingoni na kuliunganisha na kipande cha umio kilichobaki. Msomaji aliyesikia habari za upasuaji wa kupunguza uzani, unaofanyika Nairobi na kwingineko, atatambua mfanano: huko pia sehemu kubwa ya tumbo huondolewa, likabaki bomba. Tofauti iko katika shabaha. Mmoja amepasuliwa ili apungue. Mwingine tayari amekonda kwa miezi ya kushindwa kumeza, na kila kilo anayoipoteza inamnyima nguvu za kupona.

Mabadiliko makuu ni matatu. Kwanza, ghala la chakula limekuwa dogo, hivyo sahani ya zamani haina pa kuingia. Pili, kilango kilichokuwa kikizuia chakula kisirudi juu kimeondolewa. Mgonjwa akiinama au akilala mara baada ya kula, chakula na asidi hupanda, na vinaweza kuingia mapafuni. Tatu, chakula hushuka upesi mno hadi katika utumbo mwembamba. Kikiwa na sukari nyingi, huvuta maji mengi ndani ya utumbo. Mgonjwa hutoka jasho, moyo humwenda mbio, tumbo humsokota na huenda akaharisha. Saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu inaweza kushuka, akatetemeka na kulegea. Jamaa wasiojua hudhani kwamba ugonjwa umerudi.

Utaratibu wa mlo

Siku za mwanzo mgonjwa hali kwa kinywa. Mara nyingi hulishwa kwa mpira mwembamba uliopitishwa tumboni hadi kwenye utumbo, hata baada ya kurudi nyumbani. Mpira huo husukumwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kabla na baada ya kila mlo, ili usizibe. Na mgonjwa hulishwa akiwa ameinuliwa kichwa na kifua. Madaktari wakiridhika kwamba pale palipounganishwa hapavuji, huruhusiwa maji kwa mafunda madogo, kisha vinywaji vizito kama uji, kisha chakula laini kwa majuma kadhaa. Kasi ya hatua hizo huamuliwa na daktari wake.

Nyumbani, milo mitatu huwa sita au minane. Uji wa wimbi hufaa sana, lakini uji wa maji matupu hujaza tumbo bila kujenga mwili. Hauna budi kutiwa maziwa, unga wa njugu au yai lililopikwa. Mayai, samaki asiye na miiba, maharagwe yaliyopondwa na parachichi huliwa kabla ya vyakula vya wanga. Mgonjwa atafune hadi chakula kiwe kama uji, na aache kula mara anapohisi kushiba, hata kama kijiko kimoja kimebaki. Vinywaji vitenganishwe na mlo kwa muda wa nusu saa hivi, kwa kuwa maji hujaza nafasi ya chakula na kukiharakisha kushuka.

Chai nayo inastahili maelezo ya pekee, maana katika nchi ya chai hakuna nyumba isiyomkaribisha mtu kwa kikombe. Kikombe cha kawaida kina mambo matatu yasiyomfaa mgonjwa huyu: joto kali, sukari nyingi, na kunywewa pamoja na chakula. Si lazima aikatae. Na ipoe, ipunguzwe sukari, inywewe peke yake.

Baada ya kula, mgonjwa aketi wima au atembee polepole, asilale kabla ya saa mbili au tatu kupita. Usiku kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa matofali au mbao. Kazi za kuinama, kama kukama ng'ombe na kufua, zifanywe kabla ya mlo au ziachiwe wengine. Kubeba kikapu cha majani chai au mtungi wa maji kusubiri hadi daktari aruhusu. Apimwe uzani kila juma, na katika miadi yake aulize kuhusu upungufu wa madini ya chuma na vitamini B12.

Aliyewekewa mrija

Kwa huyu, kanuni ya maji hugeuka. Tumbo lake halikuguswa. Kinachohofiwa ni mrija kuziba. Kwa hiyo anywe maji kidogo katikati ya matonge na baada ya mlo ili kuusafisha. Nyama ngumu, mboga zenye nyuzi kama sukuma wiki isiyokatwakatwa, mahindi ya kuchoma na ugali mkavu vinaweza kukwama. Ugali ulainishwe kwa mchuzi au maziwa. Ikiwa mrija umefika kwenye mlango wa tumbo, naye pia alale akiwa ameinuliwa, kwani mlango huo sasa umeachwa wazi.

Ipo desturi ya kumeza tonge la ugali ili kusukuma mwiba uliokwama kooni. Desturi hiyo isijaribiwe kamwe na mgonjwa huyu, wala yule aliyepasuliwa. Anayeshindwa kumeza hata maji arudi hospitalini siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo homa, maumivu makali ya kifua, kupumua kwa shida, au kidonda kinachotoa usaha.

Lugha ya masharti

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili tunapohusika. Muuguzi aliyetoka mbali na mzee wa Kikipsigis mara nyingi hukutana katika Kiswahili, ambacho huenda si lugha ya kwanza ya yeyote kati yao. Muuguzi akisema "koo", mzee hushika shingo, hali maradhi yamo kifuani; neno "umio" halijaenea nje ya vitabu. Muuguzi akisema "ule kidogo kidogo", anakusudia milo mingi midogo. Msikilizaji anaweza kuelewa kwamba apunguze chakula, akazidi kukonda. "Chakula laini" nacho, kwa mpishi mmoja, ni ugali uliopikwa vizuri.

Afadhali kusema "kula mara sita kwa siku, kila mara kikombe kimoja", kisha kumwomba jamaa anayepika arudie kwa maneno yake, kwa Kiswahili au kwa Kikipsigis. Kipimo cha chombo cha nyumbani hakina utata, nayo sababu ikishatajwa haisahauliki upesi.

Hitimisho

Tumeona kwamba upasuaji humaliza sehemu moja tu ya kazi. Nyingine huendelea jikoni, kikombe baada ya kikombe. Mama anayemjazia mgonjwa sahani hufanya hivyo kwa mapenzi, na mapenzi hayo hayashindwi kwa amri. Akielezwa kwamba tumbo limekuwa bomba, yeye mwenyewe ataigawa sahani hiyo mara sita. Tunawahimiza wanafunzi wenzetu wanaotoka katika maeneo haya waandike masharti kama haya kwa Kiswahili chepesi na kwa lugha za nyumbani, wakishirikiana na wauguzi. Na yeyote anayeona chakula kikianza kukwama asisubiri hadi uji ushindwe kupita. Aende akachunguzwe mapema, wakati upasuaji ungali unawezekana.